Usiunganishe Pengo! Grafu za Moja kwa Moja Zinavyotudanganya

Leo sileti somo la hatua kwa hatua. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya mstari mmoja tu: ule mstari mnyoofu ambao programu zetu huuchora kati ya kipimo na kipimo, kana kwamba zilikuwepo zikaona kilichotokea hapo katikati.

Kwa mgeni wa mambo haya, nieleze kidogo kwanza. Kihisi ni kifaa kidogo kinachopima kitu: joto, unyevu wa hewa, uzito, kina cha maji. Huunganishwa na kompyuta ndogo, tuseme Arduino, ESP32 au Raspberry Pi, ambayo husoma kipimo kila baada ya muda fulani na kukituma kwenye seva. Seva nayo hukipeleka kwenye simu au kompyuta yako, na grafu inasogea mbele ya macho yako bila wewe kubofya chochote. Hiyo ndiyo grafu ya moja kwa moja. Ukiweza kuigusa, kuikuza, kurudi nyuma hadi juzi na kuiuliza "hapa palikuwa na nini?", basi hiyo ni grafu shirikishi.

Kuitengeneza si kazi ngumu tena. Itifaki ya MQTT, inayobeba vipimo vingi vya namna hii, ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta. WebSocket, inayowezesha seva kusukuma data hadi kwenye kivinjari, ikawa kiwango rasmi mwaka 2011. Mwaka huo huo ikaja D3, kisha Chart.js mwaka 2013, kisha Grafana mwaka 2014. Zote unazipata bila kulipa senti. Kijana mwenye laptopu na kihisi kimoja anaweza kuwa na grafu inayocheza kabla jua halijatua.

Na hapo ndipo shida inapoanzia. Kwa kuwa ni rahisi kuifanya icheze, tumeacha kujiuliza kama inasema kweli.

Huku kwetu Kisii na Nyamira kazi za namna hii zinazidi kutafutwa. Huyu anataka joto la friji ya chanjo katika zahanati. Yule anataka kuona chumba cha kunyaushia majani chai. Mwingine ana tangi la kupozea maziwa, mwingine nyumba ya plastiki ya nyanya. Wote wanaletewa skrini yenye mishale, duara za rangi na mstari unaotambaa. Wote wanafurahi siku ya uzinduzi. Na wengi wao, nasema bila kupepesa macho, wanaangalia kitu ambacho kitawadanganya siku ile ile watakayokihitaji.

Nitaeleza kwa nini.

PENGO HALIJI KWA BAHATI

Anayeishi nyanda hizi hahitaji kufundishwa kuhusu radi. Kisii inajulikana nchini kote kwa radi zake. Upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda mchana na kukutana na pepo za mashariki, mawingu yanajikusanya, na alasiri au jioni mvua inamwagika. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huja na ngurumo. Na ngurumo zikija, stima nayo huaga.

Sasa tazama kinachotokea stima inapopotea. Feni za kunyaushia majani zinasimama. Friji inaacha kupoza. Ruta inazimika. Kompyuta ndogo iliyounganishwa na kihisi inazimika. Vyote kwa sekunde moja! Yaani kitu kinachoharibu chai na chanjo ndicho hicho hicho kinachozima kifaa cha kutuambia kwamba chai na chanjo zinaharibika.

Wenye kusoma takwimu wanalijua jambo hili vizuri: data zinazokosekana mara nyingi hazikosekani ovyo ovyo. Zinakosekana kwa sababu, na sababu yenyewe ndiyo habari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Programu zetu zinasikia kimya zinakiita utulivu.

Chukua chai. Majani mabichi yakifika kiwandani hutandazwa kwenye vitanda virefu vyenye feni chini yake, yanyauke kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, kabla ya kukatwakatwa na kuchachushwa. Majani hayo bado yanapumua, na yakipumua yanatoa joto. Hewa isipopita, joto linajikusanya katikati ya lundo na majani yanaanza kuwa mekundu kabla ya wakati wake. Viwanda vina jenereta, ndiyo. Lakini jenereta inahitaji mtu wa kuiwasha, tena saa nane usiku.

Tuseme saa nane kasoro usiku kipimo kilikuwa nyuzi 22. Stima ikaenda. Feni zikalala dakika 50. Joto ndani ya majani likapanda likafika mahali ambapo hakuna ajuaye. Jenereta ikawashwa, hewa ikapita, kihisi kikaamka, kikasoma nyuzi 23. Asubuhi msimamizi anafungua dashibodi anaona nini? Mstari mnyoofu na mzuri kutoka 22 hadi 23. Usiku ulikuwa shwari! Na chai ile inaenda mnada wa Mombasa ikiwa na kasoro ambayo hakuna mtu anayeweza kueleza ilitoka wapi.

Wakulima wa Gusii wamelalamika miaka na miaka kuwa bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Moja ya majibu wanayopewa ni ubora wa chai. Sisemi grafu ndiyo itakayomaliza mjadala huo, una mizizi mirefu kuliko kebo zangu. Nasema hivi: kama kiwanda kinataka kujua ubora ulipotelea wapi, chombo cha kwanza ambacho hakitakiwi kuwa na uwongo ni hicho kinachopima.

KARATASI HAIJUI KUUNGANISHA

Muuguzi katika zahanati ana karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji ya chanjo. Asubuhi na jioni anaandika joto. Mipaka ni nyuzi 2 hadi 8. Siku asipokuwepo mtu wa kuandika, kisanduku kinabaki kitupu. Kila mtu anayepita anaona: hapa hatujui. Karatasi haina kompyuta, haina intaneti, wala haina shahada kama yangu, lakini haijui kusema uwongo wa aina hii.

Ndani ya friji hiyo huenda kuna kifaa kingine kidogo, kile cha kurekodi joto la siku 30 ambacho Shirika la Afya Duniani limekiwekea viwango. Kina betri yake chenyewe na kumbukumbu yake chenyewe. Stima ikipotea, ruta ikifa, radi ikipiga, chenyewe kinaendelea kupima. Kinapiga kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi -0.5 ama chini yake kwa dakika 60.

Hebu zisome tena hizo kanuni mbili. Hakuna hata moja inayouliza "sasa hivi ni nyuzi ngapi?" Zote mbili zinauliza "imekaa hivyo kwa muda gani?" Chanjo haiharibiki kwa sababu mlango ulifunguliwa dakika tatu. Huharibiwa na saa nyingi za joto, au na baridi kali ya saa moja, kwa zile zisizovumilia kuganda kama ya homa ya ini aina ya B. Mshale unaocheza kila sekunde hauna jibu la swali hilo. Jibu limo kwenye historia, na historia yenye pengo lililoshonwa haifai kitu.

Na kwa haki niseme: friji nzuri ya chanjo inaweza kukaa baridi saa nyingi bila stima. Kwa hiyo pengo la saa tatu kwenye grafu yako huenda halina madhara yoyote. Huenda! Ndiyo maana linatakiwa lionekane, ili muuguzi aende kukiangalia kile kifaa chenye betri, aone ukweli wake, aamue. Ukiliunganisha, hataenda. Atakwenda kwa sababu gani, nawe umemwambia kila kitu ni shwari?

MAKTABA ZINALAUMIWA BURE

Nimewasikia wenzangu wakisema ni kosa la Chart.js, ama la hii, ama la ile. Si kweli. Chart.js ikikuta thamani tupu hukata mstari, isipokuwa wewe mwenyewe uiambie iunganishe. Matplotlib, aliyoianzisha John Hunter, nayo hukata. Grafana inakupa kitufe cha kuchagua.

Tatizo ni kwamba kihisi kilichokufa hakitumi thamani tupu. Hakitumi chochote! Kwenye hifadhidata hakuna safu iliyoandikwa "sijui". Kuna safu ya saa 7:50 usiku, na inayofuata ni ya saa 8:40. Maktaba inaona nukta mbili jirani, inaziunganisha kama ilivyoagizwa. Haiwezi kujua kwamba katikati palitakiwa nukta nyingine tisa. Wewe ndiye unayejua, kwa sababu wewe ndiye uliyekiambia kihisi kipime kila dakika tano.

Dawa yake ni mistari michache tu kabla ya kuchora:

kwa kila kipimo:
   kama (muda wake - muda wa kilichotangulia) > 3 x kipindi:
      weka nukta tupu katikati
   weka kipimo

Basi. Dakika kumi za kazi. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu kipimo kimoja au viwili kupotea njiani ni jambo la kawaida kwa mtandao wetu wa simu. Ukiona mara tatu ni nyingi kwa kazi yako, weka mbili. Muhimu ni uwe umeamua wewe, si kuiachia programu iamue kwa niaba ya mgonjwa.

Kisha ongeza kitu kimoja ambacho watu wa afya wanakijua tayari. Tangu Kenya ilipoanza kutumia DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, ripoti za vituo vya afya huja na kiwango cha ukamilifu: kati ya vituo vilivyotakiwa kuripoti, vingapi vimeripoti. Fanya hivyo hivyo. Kihisi kinachopima kila dakika tano kinatakiwa kuleta vipimo 288 kwa siku. Vikija 251, andika juu ya grafu, kwa herufi zinazosomeka: "Ukamilifu wa leo: asilimia 87". Mtu akiona mstari mzuri wenye ukamilifu wa asilimia 40, atajua anaangalia nini.

SAA NAYO INADANGANYA

Kuna uwongo wa pili, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu unakuja umevaa namba halisi.

Raspberry Pi kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri ndani. Toleo la 5 lina saa, lakini betri yake unanunua kando. Stima ikirudi kabla ya intaneti, kompyuta inaamka na saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, inaendelea kuhesabu kutoka hapo. Inapima sawasawa na kuandika muda wa uongo. Intaneti ikirudi, saa inaruka mbele. Kwenye grafu unapata mstari unaopita juu ya wenzake, kisha pengo mahali ambapo vipimo vilikuwepo.

Wengine wanakwepa hilo kwa kuiachia seva iweke muda wa kupokelewa. Hapo unapata balaa jingine: vipimo vya saa tatu vilivyokuwa vimesubiri mtandao vinafika kwa mpigo, vyote vinapewa dakika moja, na grafu inachora ukuta. Nunueni saa ndogo yenye betri, DS3231 kwa mfano, muifunge kwenye kifaa. Muda uandikwe pale kipimo kinapochukuliwa, si pale kinapopokelewa.

Na mhimili wa chini wa grafu je? Programu nyingi huhifadhi muda wa kimataifa, UTC, na ndivyo inavyotakiwa. Kosa ni kuuonyesha hivyo hivyo. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Tukio la saa 23:00 ya Jumatatu kwa UTC, kwetu ni 02:00 ya Jumanne, na mfanyakazi wa zamu anaijua kama saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Muda mmoja, majina matatu, siku mbili! Msimamizi anamwita mtu wa zamu ya Jumatatu kumhoji juu ya kosa la mtu wa Jumanne. Haya si mambo ya kuchekesha, ni kazi ya mtu. Andika "saa 8 usiku" kwenye grafu. Kompyuta haitaumia.

WASTANI UNAVYOFICHA MWIZI

Tuje kwenye ushirikishi, yaani kukuza na kurudi nyuma. Wateja wanapenda kuambiwa "tunapima kila sekunde". Haya, tufanye hesabu. Kila sekunde ni vipimo 86,400 kwa siku. Skrini ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 360 hivi kwa hesabu ya kivinjari. Yaani kila pikseli moja inabeba vipimo 240. Ukionyesha siku 30, kila pikseli inabeba vipimo 7,200, yaani saa mbili nzima.

Huwezi kuchora vyote. Lazima upunguze. Na mtu mvivu anapunguza kwa wastani. Sasa angalia: friji imekaa nyuzi 5 kwa saa moja, kisha ikaganda kwa nyuzi -1 kwa saa moja. Wastani wa saa hizo mbili ni nyuzi 2. Nyuzi 2 iko ndani ya mipaka! Rangi ya kijani! Na chanjo zilizoganda ziko ndani humo, zikisubiri mtoto wa mtu siku ya kliniki.

Dawa ipo, na si mpya. RRDtool ya Tobias Oetiker, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa tayari inakuwezesha kuhifadhi thamani ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila kipindi pamoja na wastani. Mwaka 2013 Sveinn Steinarsson naye alieleza LTTB, njia ya kupunguza nukta huku ukihifadhi umbo la mstari. LTTB ni nzuri kwa macho, lakini haikuahidi kwamba kila kilele kitabaki. Kwa mambo ya usalama mimi nachora utepe: kwa kila pikseli, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Mtumiaji akiona mkia umeshuka, anagusa, anakuza, anapata vipimo vyenyewe. Huo ndio ushirikishi. Duara linalozunguka ni mapambo.

Na jamani, "kuelea na kipanya juu ya nukta" hakupo kwenye simu. Muuguzi hana kipanya. Ana kidole, na huenda ana glavu.

NYUZI 85 ZA AJABU

Wanaotumia kihisi cha DS18B20 wanaijua namba hii. Kikiwashwa upya kikasomwa kabla hakijamaliza kupima, kinajibu 85, thamani yake ya kuanzia. Waya ukikatika, maktaba maarufu ya Arduino inakupa -127. Friji ya chanjo nyuzi 85! Mhimili wa pembeni unaojipanga wenyewe unanyooka kwenda juu kuikaribisha, na siku nzima iliyobaki inabanwa kuwa mstari bapa pale chini. Kinyume chake nacho kipo: siku tulivu, joto likicheza kati ya 4.9 na 5.1, mhimili unajibana na grafu inafanana na milima ya Manga. Mtu anapiga simu kwa hofu bila sababu. Akipiga mara tatu bila sababu, mara ya nne hapigi.

Funga mhimili. Kwa friji, chora daima kutoka -5 hadi 15, na mipaka ya 2 na 8 ipakwe rangi. Jicho lizoee sura moja.

Na hizo 85 msizitupe kimya kimya, kwa sababu mkizitupa mmetengeneza pengo, na pengo mmelishona, tumerudi kule kule. Kwenye kikaushio cha chai nyuzi 85 ni joto linalowezekana kabisa. Chora alama ya msalaba mahali pake, andika "kihisi kimewashwa upya". Hiyo nayo ni habari: inakuambia stima ilirudi saa ngapi.

"YANATUAIBISHA"

Najua majibu mtakayonipa, maana nimeshayasikia.

La kwanza: wateja wanapenda ikicheza. Sawa, icheze! Sina ugomvi na mwendo. Lakini kitu kinachobadilika kwa nusu saa hakihitaji kuchorwa upya kila sekunde, kikila bando la mtu na betri ya simu yake. Badala ya mshale, weka maandishi makubwa: "Kipimo cha mwisho: dakika 4 zilizopita". Yakizidi dakika 15, yageuke mekundu na namba ya joto ifutike. Namba ya zamani inayoonekana kama ya sasa ni hatari kuliko skrini nyeusi.

La pili: tutaweka betri na laini mbili za intaneti, mapengo yataisha. Wekeni, naunga mkono kwa mikono miwili. Wekeni na kadi ya kumbukumbu pale pale kwenye kifaa, vipimo vihifadhiwe hata seva iliyoko ng'ambo ikiwa haifikiki. Mapengo yatapungua. Hayataisha. Radi haisomi mkataba wenu.

La tatu ndilo linaloniuma. Mteja mmoja, sitamtaja wala sitasema yuko sekta gani, aliitazama grafu niliyomtengenezea, yenye mapengo yake wazi, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kijana, hayo mapengo yanatuaibisha mbele ya wafadhili. Yaunganishe." Nikamwambia, "Mzee, hayo mapengo ndiyo yanayoonyesha mnapohitaji betri. Mfadhili akiyaona ndipo atakapojua anunue nini." Hakutaka. Nikakataa kuyaunganisha, na kazi ikapewa mwingine. Nimeambiwa mstari wake sasa ni mzuri sana, haukatiki hata kidogo.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Yule mzee si mtu mbaya. Ameishi katika utaratibu ambao ripoti yenye kasoro inaadhibiwa na ripoti nzuri inapongezwa, hata kama ni ya kutunga. Lakini sisi tunaoandika programu hatulazimiki kuwa mikono ya utaratibu huo. Mhandisi wa ujenzi akiambiwa apunguze nondo ili jengo lipendeze kwa bei, tunamtarajia akatae. Kwa nini msanidi programu akiambiwa apunguze ukweli tuseme ni "matakwa ya mteja"?

GRAFU NI YA NANI?

Mkulima wa chai akipeleka majani kwenye kituo cha ununuzi, yanapimwa mbele yake naye anapata risiti mkononi. Anaweza kubishana, kwa sababu ana karatasi. Huo ndio msingi wa kuaminiana: anayeathirika na kipimo ana haki ya kukiona.

Sasa hizi dashibodi zetu anaziona nani? Mara nyingi ni mkurugenzi, mfadhili, na fundi aliyeziweka. Mtu wa zamu ya usiku anayeweza kuwasha jenereta hana nenosiri. Muuguzi hana nenosiri. Mkulima ndiyo kabisa. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ipo tangu 2016. Tangu mwaka 2013 zahanati ziko chini ya kaunti. Kama friji imenunuliwa kwa kodi yetu, joto lake si siri ya mtu.

Kwa hiyo weka skrini ndogo pale pale kwenye chumba, inayofanya kazi hata intaneti isipokuwepo. Andika kwa lugha ya wanaofanya kazi humo. "Hatuna kipimo tangu saa 8 usiku" ni sentensi ambayo kila mtu anaielewa, na inamfanya mtu ainuke kwenye kiti.

Nanyi mnaonunua hizi mashine, mameneja wa viwanda, wakuu wa zahanati, viongozi wa vyama vya ushirika, nawapa jaribio moja la kufanya kabla ya kulipa. Chomoeni kifaa kwenye stima mbele ya fundi. Nendeni mkanywe chai, nusu saa. Rudini, mkichomeke, msubiri dakika kumi, kisha mfungue grafu. Kama kuna pengo la nusu saa linaloonekana wazi, mlipeni na mumwongeze nauli. Kama kifaa kilikuwa na betri na vipimo vyote vipo na saa zake ni sahihi, mlipeni mara mbili :-) Lakini mkikuta mstari mnyoofu umepita juu ya ile nusu saa, mrudishieni mashine yake. Hiyo nusu saa mnajua wenyewe kilichotokea, kwa sababu ninyi ndio mliochomoa. Saa nane usiku mvua ikinyesha, hamtajua.